Hoja ya "hata wewe unapanda ndege kwa imani": tuimalize leo

Chumvi Mbichi (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kuna hoja hairuki mada yoyote ya dini humu. Mtu akibanwa kuhusu maji ya upako, mafuta au kikombe cha uponyaji, anageuza kibao: "Kwani wewe ulimkagua rubani leseni? Injini uliifungua ukaiona? Unapanda tu na kufunga mkanda. Basi na wewe una imani, tena kubwa kuliko yangu, maana mimi namwamini Mungu, wewe unamwamini mtu usiyemjua hata jina." Anashangiliwa, mjadala unaishia hapo.

Mimi naona hoja hii imewaponza watu wengi kuliko mahubiri yenyewe. Inamfanya mtu aone kwamba kuamini ni kuamini tu, chochote unachokiamini ni sawa na kingine. Tuanze na hiyo hiyo ndege.

Tarehe 10 Machi 2019, Boeing 737 MAX ya Ethiopian iliruka Addis Ababa kuja Nairobi. Dakika sita baadaye ilikuwa chini. Watu 157, kati yao Wakenya 32, hakupona hata mmoja. Oktoba 2018 ndege ya aina hiyo hiyo ya Lion Air ilikuwa imeangukia baharini Indonesia na watu 189. Sasa angalia kilichofuata. Hakuna aliyewaambia abiria kwamba walikuwa na mashaka moyoni ndiyo maana ikaanguka. Ndani ya siku chache nchi moja baada ya nyingine zilizipiga marufuku, na Marekani, walikozitengeneza, nao wakasalimu amri. Visanduku vyeusi vikafunguliwa. Ikaonekana kuna mfumo unaitwa MCAS uliokuwa unaisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kihisio kimoja tu, kikikosea kimekosea. Ndege hizo zikakaa chini zaidi ya mwaka na nusu, programu ikaandikwa upya, marubani wakarudi darasani. Leo Air Tanzania wanayo MAX 9, ilikuja 2023, na watu tunapanda.

Kweli rubani simjui. Ila najua kuna watu kazi yao ni kutafuta sababu ya kutoiamini ndege hiyo, na wakiipata wana mamlaka ya kuizuia isiruke. Mimi nikisema naiamini, ninachokiamini hasa ni huo utaratibu, na naweza kukutajia sasa hivi, kabla halijatokea, ni jambo gani likitokea nitashuka.

Sasa twende Samunge, kule Loliondo, 2011. Wenye umri wanakumbuka. Mchungaji mstaafu wa KKKT (Kanisa la Kilutheri), Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti wa mugariga. Kikombe shilingi 500. UKIMWI, kisukari, saratani, presha, pumu, vyote kikombe kimoja. Foleni ya magari ikapita kilomita ishirini porini, wenye nazo wakaja kwa helikopta, mawaziri na wabunge wakapiga picha na kikombe mdomoni. Watu kadhaa walifia kwenye foleni, wengine walitolewa wodini wakiwa na dripu.

Babu mwenyewe simsemi vibaya. Amefariki Julai 2021, apumzike, na kwa shilingi 500 hakuna anayeweza kusema alikuwa mwizi. Ninachotaka mkitazame ni masharti. Dawa lazima uinywe pale, kutoka mkononi mwake. Ukiibeba nyumbani haifanyi kazi. Na ukinywa lazima uamini. Usipopona, basi hukuamini. Fikiria hayo masharti mawili yanafanya nini: la kwanza linafunga mlango wa maabara, la pili linafunga mdomo wa mgonjwa. Kikombe hakina namna ya kushindwa. Ukipona ni kikombe, ukifa ni wewe.

Serikali ilipima kitu kimoja, kama ile dawa ni sumu, ikasema haina madhara kwa kipimo kile anachotoa. Kufika mtaani habari ikawa "serikali imethibitisha inaponya." Ni maswali mawili tofauti kabisa, na maji ya bomba yangefaulu mtihani ule ule.

Sisemi imani ya dini ni upuuzi. Mtu anayeamini kuna Mungu, kuna kiyama, marehemu wake yuko mahali pema, huyo hajaniahidi kitu ninachoweza kukipima, na sina haki ya kumdai vipimo. Tatizo langu linaanza pale imani inapotoa ahadi inayopimika, sukari itashuka, virusi vitaisha, halafu ukileta mashine inasema usimjaribu Mungu. Hapo imeingia kwenye uwanja wa vipimo kwa hiari yake na inakataa refa.

Karibuni. Matusi kaeni nayo.

---

Mlokole wa Mbezi

Mkuu umeandika vizuri ila umeanza na mguu wa kushoto. Waebrania 11:1, "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana." Sisi hatuhitaji kisanduku cheusi. Halafu hiyo sayansi yako mbona nayo inadanganya? Mwaka 2012 hapa hapa Tanzania ARV bandia zilikutwa kwenye mfumo wa serikali, watu wanapewa hospitali na daktari aliyevaa koti jeupe. Walikuwa na ushahidi gani? Walikuwa na imani na koti.

---

Chumvi Mbichi

Mkuu hapo umenisaidia kazi. Zile ARV ziligunduliwaje? Hakuna aliyeoteshwa. Mamlaka ya dawa ilikagua, ikakuta toleo lile haliendani na kilichosajiliwa, likaondolewa sokoni na serikali ikatangaza yenyewe, kwa aibu. Mfumo uliowaangusha wagonjwa ndio huo huo uliokuwa na mlango wa kugundua. Sijasema wenye vipimo hawadanganyi. Wanadanganya sana. Nasema kuna mahali pa kuwakamatia.

Na mgonjwa aliyeamini koti tu bila kuuliza chochote, nakubaliana nawe kabisa, huyo naye alikuwa kwenye imani. Hospitali ukiingia kichwa kichwa haina tofauti na kikombe kwa upande wako wewe. Tofauti iko upande wa pili wa kaunta.

---

Ubungo Mataa

Wakristo na Waislamu wote ni wale wale, watu wazima wanaongea na rafiki wa angani. Uzi ungekuwa mistari miwili: imani = ujinga. Umezunguka bure.

---

Chumvi Mbichi

Ubungo, wewe umejuaje kwamba antibayotiki inatibu? Umesoma majaribio yake au umeambiwa? Usijibu haraka. Nakuona kila siku humu unanukuu video za watu wenye miwani kama wenzako wanavyonukuu manabii.

---

Nesi wa Zamu

Naomba niingie maana jambo hili nimeliishi. 2011 nilikuwa kliniki ya CTC, ya wanaotumia ARV, kituo sikitaji. Wagonjwa wetu kadhaa walikwenda Loliondo. Nataka niwaeleze kilichokuwa kinatokea, kwa sababu mkiishia kusema "walidanganywa" hamtaelewa kwa nini wenye akili timamu waliapa wamepona.

Mtu ametumia ARV miaka minne, virusi vimelala, uzito umerudi, ngozi inang'aa. Anakwenda Samunge, anakunywa, anarudi ameacha vidonge. Virusi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki chache tu, lakini yeye hasikii chochote. Mwili unaweza kumbeba miezi mingi, wengine miaka, kabla ya homa ya kwanza. Sasa muda wote huo ni wa ushuhuda! Anasimama kanisani, "mimi hapa, tangu Machi simezi kidonge, nalima, nabeba ndoo." Hadanganyi. Ni kweli halimi kwa kujilazimisha, ni kweli hajisikii mgonjwa. Anayemsikiliza anaona kwa macho yake mtu mzima mwenye afya. Ukimwambia "lete damu tupime" anaona unamtukana Mungu wake.

Mama mmoja alinijibu, "Nesi, wewe unaamini karatasi ya maabara kuliko mimi niliyesimama mbele yako?" Nilikosa la kusema. Kwa sababu ndiyo, kwa ugonjwa ule karatasi inaona mbali kuliko jicho, lakini utamwambiaje mtu hivyo bila kumdharau?

Alirudi mwaka uliofuata na kifua kikuu. Tulimwanzishia tena, yupo hadi leo, anamsifu Mungu na anameza dawa. Wengine hawakurudi.

Kwa hiyo ninachoongeza kwenye mada: ushuhuda wa kweli kabisa, wa mtu mkweli, unaweza kuwa ushahidi mbovu. Inategemea ugonjwa. Jeraha nikilitazama najua limekauka. Presha, sukari na virusi jicho halivioni, na angalieni magonjwa yanayotajwa sana kwenye mabango ya uponyaji. Ni hayo hayo.

---

Chumvi Mbichi

Nesi, hii nitaibandika juu. Hiyo ya jeraha na presha sikuwahi kuiwaza hivyo.

---

Mwana wa Makunduchi

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mleta mada anazungumza kama kwamba ushahidi uko maabara na imani iko msikitini. Mimi nimesoma chuoni (madrasa) kabla sijasoma skuli, na kitu cha mwanzo tulichofundishwa kuhusu hadithi, yaani mapokezi ya maneno ya Mtume, ni kuuliza: nani kasema, kamsikia nani, walikutana wapi, huyo alikuwa na kumbukumbu nzuri au uzeeni alichanganyikiwa? Ina elimu yake kamili, majina ya wapokezi maelfu yamechambuliwa mmoja mmoja. Fulani mkweli lakini msahaulifu, hapokelewi peke yake. Fulani mcha Mungu sana, sala hazimpiti, lakini akipokea hadithi anachanganya, aachwe. Zingatieni hilo: mcha Mungu, na akaachwa! Imamu Bukhari alichuja maelfu kwa maelfu akabakisha chache.

Na Mtume (SAW) aliulizwa na bedui, nimfunge ngamia au nimwache nimtegemee Allah? Akamwambia mfunge kisha tegemea. Nabii Ibrahim mwenyewe, kwenye Suratul Baqara, aliomba aoneshwe vipi wafu wanahuishwa. Akaulizwa kwani huamini? Akasema naamini, lakini ili moyo wangu utulie. Hakukemewa, alioneshwa.

Sasa hawa wa kusema "usiulize, utapoteza baraka" wameitoa wapi dini hiyo? Hata kombe watu wanaloandikiwa kwa zafarani na kunywa, shekhe wangu mzee alikuwa akimpa mtu anamwambia na spitali uende.

---

Mlokole wa Mbezi

Sheikh hapo nakuunga mkono, na kwetu imo. 1 Wathesalonike 5:21, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Ila mleta mada atofautishe kujaribu roho za manabii na kumjaribu Mungu. Kumbukumbu la Torati imekataza hilo la pili.

---

Parokia ya Kijijini

Na Kanisa Katoliki msilisahau. Lourdes kule Ufaransa wana ofisi ya madaktari inayochunguza madai ya uponyaji. Tangu karne ya 19 yamepokelewa zaidi ya 7,000, yaliyotambuliwa kuwa miujiza hayafiki 80. Yaani Kanisa lenyewe limewaambia maelfu ya waamini wake, "tumefurahi umepona, lakini hatuwezi kuiita muujiza." Mwalimu Nyerere mchakato wake ulianza 2005, ni Mtumishi wa Mungu, na ili atangazwe mwenye heri lazima upatikane muujiza utakaopita mezani kwa madaktari kwanza. Miaka yote hiyo na umaarufu wote ule, bado. Nabii wa mjini anathibitisha ishirini kila Jumapili kabla ya sadaka ya pili.

---

Wa Githurai

Ndugu zangu wa Bongo, nyinyi mnaongea kuhusu kikombe, sisi huku tuna Shakahola. 2023, msitu kule Kilifi, miili zaidi ya mia nne imefukuliwa, watoto wadogo wakiwemo, watu wamefunga kula ili wakutane na Yesu. Kesi iko kortini kwa hivyo ya mtu binafsi nitayaacha.

Lakini nataka mtazame hatua. Watu hawakuamka asubuhi moja wakaacha chakula. Mafundisho yaliyoripotiwa yalianza na shule: watoto watolewe, elimu ni ya shetani. Halafu hospitali. Halafu uza shamba, uhamie msituni mbali na jamaa zako. Kila hatua ilikuwa inaondoa mtu mmoja ambaye angeuliza swali. Mwalimu angeuliza mbona mtoto amekonda. Daktari angeuliza. Shemeji angeuliza, na shemeji wa Kikuyu anauliza kwa sauti. Wakati wa kuambiwa mfunge, hakukuwa amebaki mtu wa kuuliza.

Ndiyo maana mimi sijali sana mtu anaamini nini. Nauliza anaruhusiwa kuongea na nani.

---

Ubungo Mataa

Huyu Mkenya kaniweza. Hilo la hatua ni la kweli. Ila mleta mada bado unakwepa, kuna utafiti wa maombi ulifanyika Marekani, ukachapishwa 2006, wagonjwa wa upasuaji wa moyo zaidi ya 1,800. Wengine wakaombewa, wengine hawakuombewa, wengine wakaambiwa kabisa mnaombewa. Matokeo: kuombewa hakukusaidia, na walioambiwa wanaombewa ndio walipata matatizo zaidi kidogo. Kesi imefungwa.

---

Chumvi Mbichi

Haijafungwa. Utafiti huo naujua na umefanywa vizuri, lakini ulipima kitu kimoja: watu wasiowajua wagonjwa wakisoma majina na kuomba kwa ratiba. Bibi yangu akiniombea haombi hivyo, na wala hajawahi kudai maombi yake yanapunguza matatizo ya upasuaji kwa asilimia fulani. Anaomba kwa sababu ananipenda na ana Mungu wake. Ukimletea jedwali atakutengea chai. Utafiti ule unamhusu aliyeahidi matokeo, huyo kweli umembana.

Wewe Ubungo unataka ushahidi ufanye kazi ambayo hauwezi, ukuambie kama Mungu yupo. Mlokole naye anataka imani ifanye kazi ambayo haiwezi, imwambie kama sukari imeshuka.

Niongeze mfano ambao naupenda zaidi ya ndege, maana ni wetu. Klorokwini, ile dawa ya malaria. Wa miaka ya themanini na tisini mnaikumbuka ile kuwashwa, mtoto anajikuna usiku kucha hadi nyayo, mama anasema ndiyo dawa inafanya kazi. Tuliiamini kuliko kitu chochote dukani. Homa? Klorokwini. Wataalamu wakawa wanafuatilia watoto waliotibiwa, wanapima damu tena baada ya siku kadhaa, wakaona vimelea bado vipo. Mwaka 2001 Tanzania ikaiondoa kama dawa ya kwanza, ikaingia SP, dawa nyingine ya malaria. Mtaani kelele, SP inababua ngozi, turudishieni klorokwini yetu. Miaka mitano baadaye SP nayo ikawa imechoka, mwishoni mwa 2006 ukaja mseto wa dawa mbili, ALu.

Na ile dawa ya kwanza ndani ya ALu imetoka wapi? Mmea wa Kichina uliotumika karne nyingi kwa homa. Tu Youyou na wenzake walikuta dondoo la kwanza halifanyi kazi sawasawa, maandishi ya zamani yakampa wazo la kutochemsha, akalitoa kwa joto dogo, wakajaribu kwa wanyama, kisha akalimeza yeye mwenyewe kwanza kabla ya mgonjwa. Tuzo ya Nobel, 2015. Kwa hiyo wanaosema tunadharau miti shamba, hapana. Mti ulioruhusu kupimwa uko kila zahanati ya Tanzania. Kikombe cha mugariga kiliwekewa masharti ya kukwepa kipimo hicho, na aliyeyaweka si Mzungu.

Hata mseto wenyewe, watafiti wameshaona kule Kagera, na Rwanda na Uganda, vimelea vyenye mabadiliko yanayochelewesha dawa kufanya kazi. Hawaoni haya kusema. Siku ikibidi, utaondolewa kama klorokwini. Mwambie nabii wako aondoe mafuta yake sokoni kwa sababu mwaka huu hayakufanya kazi, uone.

---

Jembe Halimtupi Mkulima

Umeongea mengi umeruka mapapai. 2020 Rais Magufuli alipeleka maabara sampuli za papai na mbuzi zikiwa na majina ya watu, akatangaza nyingine zimerudi na korona. Hiyo si ndiyo kupima vipimo unayoihubiri? Mbona mlimshambulia?

---

Chumvi Mbichi

Swali zuri, na nitakujibu bila ushabiki. Wazo la kupeleka sampuli za siri ili kuipima maabara ni wazo sahihi kabisa. Maabara kubwa hufanyiwa hivyo mara kwa mara, inaletewa sampuli isiyoijua na majibu yake yanalinganishwa. Mtu akisema "msiijaribu maabara" nitamuweka kapu moja na nabii.

Kasoro ilikuwa baada ya hapo. Sampuli zilichukuliwaje, zilirudiwa mara ngapi, maabara nyingine ikipewa papai hilo hilo inasemaje? Hayo hayakuwekwa mezani watu wa nje wayarudie. Ukipima mizani ya muuza samaki kwa jiwe lako la kilo, lazima na jiwe tulione. Tulibaki kuamini au kutoamini neno la mkubwa, na takwimu za ugonjwa zikakoma kutoka. Yaani alianza kwenye vipimo akaishia kwenye imani.

---

Jembe Halimtupi Mkulima

Sawa, hapo kwenye jiwe nimekuelewa. Siyo kwamba nimekubali yote.

---

Mlokole wa Mbezi

Mimi niseme la moyoni. Nimeokoka miaka mingi na sijawahi kumnunua nabii. Uzi huu umenichoma sehemu moja tu, hilo la "ukipona ni kikombe, ukifa ni wewe." Feb 2020 pale Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa wakigombea kukanyaga mafuta ya upako. Nilisikia kwa masikio yangu mtumishi mmoja akisema waliokufa walikuwa na haraka ya mwili. Nilihama kanisa hilo. Imani yangu haikupungua hata chembe, nilipunguza mtumishi.

Lakini mkuu Chumvi, kuna watu mnadhani mtu akianza kuuliza lazima ataishia kama Ubungo. Si kweli.

---

Ubungo Mataa

Nimefanya nini tena?

---

Binti Tegeta

Jamani samahani, nimesoma kurasa zote, nina swali la kweli siyo la ubishi. Mama yangu ana presha miaka mingi, anameza vidonge viwili kila siku. Tangu mwezi uliopita anakunywa maji ya upako na mtumishi amemwambia amefunguliwa, sasa anataka kuacha dawa "kwa imani". Nikibishana analia, anasema nimekuwa kama mataifa, wasioamini. Nimfanyeje? Nisaidieni.

---

Nesi wa Zamu

Mwanangu, kwanza asiache. Wengi tunaowapokea na kiharusi hadithi yao inaanza hapo hapo, "nilikuwa najisikia vizuri nikaacha."

Pili, usibishane naye kuhusu maji. Mwache anywe maji yake. Nunua mashine ya presha ya mkononi, ile ya kuvaa juu ya kiwiko. Apime asubuhi na jioni, akae ametulia dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, asiwe ametoka kunywa kahawa, aandike kwenye daftari.

Halafu mwambie hivi, kwa upole: "Mama, kama Mungu amekuponya, utaendelea na dawa na presha itashuka kupita kiasi, maana dawa itakuwa inasukuma chini mwili uliopona. Mashine itaonyesha. Tutampelekea daktari daftari na yeye mwenyewe ataanza kupunguza vidonge. Hatumjaribu Mungu, tunasubiri aonekane." Mkubaliane kabla, namba ziandikwe. Kwa kupimia nyumbani, ikikaa 135 kwa 85 kwenda juu akiwa kwenye dawa, hajapona na pengine dozi iongezwe. Ikishuka chini sana, au akipata kizunguzungu akisimama, mpeleke, na pengine hiyo ni habari njema. Kwa vyovyote anayepunguza ni daktari, si mtumishi, si wewe.

---

Chumvi Mbichi

Nesi, nimeandika maneno elfu moja hapo juu, wewe umemaliza kwa aya mbili. Binti, fanya hivyo. Na kama mtumishi ni mtu wa maana, mwite awepo siku ya kukubaliana. Jibu lake litakuonyesha mengi.

---

Binti Tegeta

Mrejesho wakuu. Mtumishi alipigiwa simu, akasema mashine ni roho ya mashaka, akakata. Mama alikaa kimya siku nzima. Jioni akaniambia twende tukanunue. Tumeanza jana, 158 kwa 96, akiwa amemeza dawa. Amekasirika, kasema mashine ni ya Kichina. Leo asubuhi kapima tena mwenyewe kabla sijaamka, kaandika. Kliniki tunakwenda kesho kutwa. Ila ametoa sharti, mashine iombewe kwanza.

---

Mlokole wa Mbezi

Iombewe. Nipo, niambie saa ngapi.

---

Nesi wa Zamu

Iombewe haina neno. Hakikisheni betri mpya, na mkanda usikazwe juu ya mkono wa nguo.